Mama Geneviève, tanuru lake, na ng'ombe wa mwenye nyumba

Ukiingia aveni yetu, mtaa mmoja mdogo wa Mulongwe, asubuhi, huna haja ya kuuliza Mama Geneviève anakaa wapi. Fuata harufu ya mkate. Itakupitisha kando ya bomba la maji, itakupindisha kwenye ukuta ulioliwa na mto, na itakuacha mbele ya mlango wa mabati wa parseli, kiwanja tunachopanga pamoja. Ndani, katikati ya uwanja, kuna tanuru la udongo lenye tumbo kubwa na mdomo mdogo. Na mbele ya tanuru kuna yeye, kitenge kimefungwa juu ya magoti, akitukana unga.

Anautukana kweli. "Weye! Unalala kama muntu wa mushahara? Umuka, bantu banangoja!" Na unga unaumuka. Mama Chérie, mama yangu mdogo tunayeishi naye vyumba vya nyuma, anasema unga ule unaumuka kwa woga.

Mama Geneviève alizaliwa Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Bwana wake, Damien, ni mtu wa mashua ya Kalemie, kwa hiyo tunamwona kama mwezi mpya: anatokea mwembamba, anakula, ananenepa, anapotea tena. Kazi ya nyumba yote ni ya mama. Tanuru pia alilijenga yeye, mwaka ule mto ulipotoka kwenye njia yake na kuingia kwenye vyumba vya watu. Watu walikuwa wakichota matope kutoka nyumbani, yeye alikuwa akitafuta udongo wa kuleta nyumbani. Aliuleta udongo wa kichuguu kutoka Luberizi kwenye lori la mchele, kwa sababu ule wa mtoni una mchanga mwingi, ukipata moto unapasuka. Akaukanyaga kwa miguu, akauchanganya na majani makavu, akaujenga ngazi kwa ngazi kama mtu anayesuka kikapu. Toka siku ile watoto wake wanasoma kwa tanuru, wanavaa kwa tanuru, wanatibiwa kwa tanuru.

Jambo moja tu. Tanuru lilikuwa lake, lakini ardhi lilipokaa haikuwa yake. Alikuwa lokateri, mpangaji wa kulipa kodi, kama sisi wote. Mwenye nyumba ni Mzee Hagenimana, mtu wa Bijombo kule juu milimani, aliyeuza ng'ombe zamani akajenga mjini ili watoto wake wasome. Sasa anakaa Luberizi kwa mtoto wake na ng'ombe waliobaki. Siku walipopatana na Mama Geneviève, walipatana mlangoni. Kanisa la mzee halikubali bia, basi wakanywa Fanta, na jirani mmoja, Emery, akanywa nao ili awe shahidi. Yakaisha. Ukimuuliza mzee karatasi iko wapi, atakuangalia kama umemtukana: "Karatasi ya nini? Si tulikunywa?"

Emery alikuwa amekwisha kuhamia Kalemie siku Franck alipokuja.

Franck ni komisioneri. Kazi yake ni kutafutia watu nyumba na kutafutia nyumba watu. Mtu akiingia nyumba mpya, Franck anakula. Watu wakitulia kwenye nyumba zao, Franck analala njaa. Kwa hiyo hapendi watu watulie. Alivaa viatu vyake vyenye ncha ndefu, akasimama mbali kidogo na majivu.

"Mama Geneviève, minye nimekuja na neno."

"Kama ni neno, sema. Kama ni mukate, ngoja itoke."

"Mzee anataka nyumba yake. Kuko bantu ya mushahara muzuri banaitafuta. Mwisho wa mwezi, mutoke."

"Mzee amesema na mudomo wake?"

"Minye njo mudomo wake."

"Mzee iko na mudomo wake mwenyewe, na meno mbili ndani. Nilizionaka."

Tulicheka sote, hata Franck kidogo. Lakini alipoondoka, Mama Geneviève hakuongeza mzaha. Aliweka kiganja mgongoni mwa tanuru, mahali pasipochoma sana, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nyumba nitapata ingine," alimwambia Mama Chérie. "Hii nitaibeba na nini? Tanuru haiko sufuria."

Na kweli. Tangu maji yale ya mto yachukue nyumba nyingi, mtu anayetafuta nyumba Mulongwe anapewa chumba kimoja na ukuta wa jirani. Hakuna uwanja wa tanuru. Akitoka pale, anatoka bila kazi.

Ni Mama Chérie aliyekumbuka radio. Radio ilikuwa imesema kontra, yaani mapatano ya nyumba, ziandikwe, zipelekwe biro ya habitat, ofisi ya serikali ya mambo ya nyumba, zipigwe muhuri, na kwamba lokateri naye iko na sheria yake. "Nilifikiri ni ya bantu ya Kinshasa," alisema. "Lakini radio ilikuwa inasema na Kiswahili."

Kesho yake Mama Geneviève alivaa kitenge cha kanisani akaenda. Jioni alitusimulia yote, akiigiza sauti mbili. Sauti nyembamba ilikuwa ya Ildephonse, kijana wa miwani aliyemkuta pale biro. Sauti nene ilikuwa yake mwenyewe, ila aliifanya ya adabu kuliko ilivyo.

"'Mama, uko na kontra?' 'Niko na Fanta, Baba.' 'Fanta?' 'Tulikunywa, mbele ya shahidi.' 'Na shahidi iko wapi?' 'Kalemie.' Akavua miwani! Akasema, 'Mama, Fanta ilishakwenda choo, na shahidi ilishakwenda Kalemie. Umebaki na nini?'"

Tulicheka mpaka mtoto wa jirani akaamka. Kisha akatueleza polepole, akikunja vidole. Kontra iandikwe. Mwenye nyumba asaini, lokateri asaini, biro ipige muhuri. Garanti, zile pesa za dhamana mtu anazotoa akiingia nyumba ya kulala, isipite kodi ya miezi mitatu. Na mwenye nyumba akitaka nyumba yake, haji asubuhi na kusema toka. Anatoa habari kwa maandishi, miezi mitatu mbele, ndiyo wanaita preavi. Akimtupia mtu vyombo nje bila hiyo, kuna mahali pa kumshitaki.

"Kwa hiyo Franck na mwisho wa mwezi wake..." alisema Mama Chérie.

"Mwisho wa mwezi ni wa mwezi. Haiko wangu."

Ildephonse alikuwa amempa karatasi za kontra zisizojazwa. Mama Geneviève hakuweza kungoja. Akajaza mwenyewe pale alipoweza: jina lake lote, aveni, na namba ya parseli. Pa mwenye nyumba aliacha wazi, mpaka mzee aje. Kisha akazunguka nazo mlango kwa mlango, akisema, "Minye nimeandikishwa! Nimeandikishwa!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku kwetu, watu wamepigania ardhi mpaka wamechoka. Jina la mtu na namba ya parseli vikikutana kwenye karatasi ya biro, kila mtu anaelewa jambo moja tu: parseli imebadilisha mwenyewe. Franck alikuwa dukani akinunua sigara moja alipoiona ile karatasi. Sijui kama aliamini au alipenda kuamini. Alitoa simu palepale.

"Mzee, minye Franck. Lokateri wako ameandika parseli kwa jina lake. Nimeona na macho yangu."

Siku iliyofuata lori la kutoka njia ya Bukavu lilisimama kwenye kona yetu. Wa kwanza kushuka alikuwa ng'ombe. Mkubwa, mwekundu, pembe ndefu, amekasirika kwa safari. Nyuma yake ndama. Nyuma ya ndama, Mzee Hagenimana mwenyewe, kofia kichwani, fimbo mkononi, mkeka umekunjwa kwapani.

Aliingia bila kubisha hodi. Akafunga ng'ombe kwenye nguzo ya kuanikia nguo, karibu na tanuru, akavuta kamba kuona kama inashika. Kisha akatandika mkeka barazani, akakaa.

"Karibu, Mzee," alisema Mama Geneviève, mikono imejaa unga. "Habari ya Luberizi?"

"Nani anakaribisha nani? Hapa ni kwangu."

"Ni kwako, Mzee. Nani amekataa?"

"Karatasi imekataa! Minye siko mutoto. Niliuza ng'ombe yangu juu ya hii parseli, sasa nimerudisha ng'ombe ndani. Muntu akitaka kuichukua, aanze na hii." Akaonyesha pembe.

"Mzee, ile karatasi ni ya kukodi..."

"Nyamaza, mwana wangu. Minye nitakaa hapa mpaka hiyo karatasi ife."

Akakaa kweli. Sijawahi kuona vita ya namna ile. Mama Geneviève akimpelekea chai na mkate, mzee anageuza uso: "Sikuli chakula ya mwenye kuniibia." Mama anaacha sahani palepale barazani, anarudi kwenye moto. Tukiangalia tena, sahani ni tupu, mzee anaangalia mawingu, na makombo yako kwenye ndevu.

Wateja nao hawakujua waende wapi. Mtu anakuja kununua mkate, anakuta pembe. Watoto wa shule walianza kuja hata wasio na pesa, kuona ng'ombe wa Mama Geneviève. "Siyo wake!" mzee anapiga kelele barazani. "Muandike mu vichwa yenu, siyo wake!" Siku ya pili ndama aliingia jikoni akanyonya kitambaa kilichofunika unga, akakivuta, unga wote chini. Mama Geneviève aliinua mwiko. Akamwangalia ndama, akamwangalia mzee, akashusha mwiko.

"Bahati yako uko na macho mazuri," alimwambia ndama.

Ng'ombe anakula, na Mulongwe hapana malisho. Magoti ya mzee hayakutaka kwenda mbali. Basi kila alfajiri, baada ya kuwasha tanuru, Mama Geneviève alikwenda kando ya ziwa na mundu akarudi na mzigo wa majani kichwani. Alichota maji bombani. Alifagia mavi, na mengine akayachanganya na udongo akaziba ufa wa tanuru, maana yeye hatupi kitu. Mzee alikuwa na kazi moja tu: kukamua asubuhi na jioni, kwa sababu kwao mwanamke hagusi chuchu za ng'ombe. Anakamua, anampa ndama nafasi yake, anakunywa, anajifuta.

Siku chache zilipita hivyo. Kisha asubuhi moja mzee alipomaliza kukamua, Mama Geneviève alikuja na chungu kitupu akasimama mbele yake.

"Mzee, majani nani alikata?"

"Weye."

"Maji?"

"Weye."

"Mavi nani anafagia?"

"Sikukuomba."

"Lakini nani?"

"Weye."

"Baba yangu kule Luberizi alichungaka ng'ombe ya bantu ya kwenu. Ya kuragiza. Alinifundisha. Lakini minye niko muntu wa mikate, labda nimesahau. Kwa desturi yenu, ule mwenye kulisha anakula nini?"

 Watu wa aveni tayari walikuwa wamesimama mlangoni. Wanaopita na ndoo walikuwa wameweka ndoo chini. Kuragiza hata sisi wa mjini tunaijua kidogo: mtu mwenye ng'ombe anamwachia mwingine amchungie, na kila mmoja ana sehemu yake.

"Anakula maziwa," alisema mzee, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Basi mimina."

Akamimina. Hakupenda, lakini desturi ni desturi, na watu walikuwa wakiangalia. Mama Geneviève alikunywa kwenye chungu mbele ya wote, bila haraka, mpaka akapata sharubu nyeupe.

"Tamu. Sasa, Mzee, nimekunywa maziwa yako. Ng'ombe imekuwa yangu?"

"Haiwezekani!" Mzee alisimama, magoti yakalia. "Maziwa ni ya mwenye kuchunga. Ng'ombe ni ya mwenyewe. Hata akikunywa miaka kumi!"

"Hata jina lake likijulikana kwa bantu yote, kwamba yeye njo anachunga?"

"Ndiyo lazima lijulikane! Lisipojulikana, ng'ombe ikipotea tutauliza nani?"

"Na weye ukitaka ng'ombe yako, unakuja tu asubuhi na kamba?"

"Minye mwizi? Unatuma habari mbele. Ule muntu ajipange. Watoto wake wamezoea maziwa. Huwezi kukata kikombe kwa mudomo."

Mama Geneviève akajifuta sharubu. Akatoa ile kontra kwenye kifua cha nguo, imekunjwa na imejaa unga, akaiweka juu ya mkeka.

"Basi, Mzee, hii karatasi haina kitu kingine. Nyumba ni ng'ombe. Weye njo mwenyewe. Minye nakunywa maziwa. Jina langu liko humu kwa sababu minye njo nachunga. Na lako litaandikwa pale juu, penye nimeacha wazi."

Mzee aliichukua. Aligeuza karatasi, akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena. Na wakati huohuo, mlango wa mabati ulilia, Franck akaingia na viatu vyake, nyuma yake bwana mmoja wa tai na mke wake mwenye mkoba mweupe. Walikuja kuangalia nyumba.

"Aah, Mzee uko hapa! Vizuri sana. Hawa njo bantu ya mushahara muzuri. Watalipa kupita huyu, na watalipa mbele."

Nilimwangalia Mama Geneviève.  Alikuwa amegeukia tanuru lake, mgongo kwetu, na mabega yake, yaliyozoea kucheka, yalikuwa yamesimama kimya. Mzee naye aliwaangalia wale wageni, kuanzia tai mpaka mkoba. Mtu mzima anajua pesa. Nyumba ile ilihitaji mabati mapya na kila mtu aliona hivyo.

"Franck," alisema mwishowe, "huyu mama ulimupa habari lini?"

"Nilimwambia mwisho wa mwezi..."

"Ulimwambia lini?"

"Mwezi huuhuu, Mzee."

"Kwa hiyo ulikuja kutoa ng'ombe kwa muchungaji wangu na kamba mukononi. Jina langu likiwa mu mudomo wako, na minye sikukutuma." Akainua ile karatasi. "Na hapa, ulisema umeona na macho yako. Uliona nini?"

"Niliona jina lake, Mzee, na namba ya parseli..."

"Na hapa juu, pa mwenyewe, uliona nani?"

"Hapana muntu."

"Kumbe uliona hapana muntu, ukanitoa Luberizi na ng'ombe mu lori!"

Watu mlangoni walicheka. Bwana wa tai alifungua kinywa apate kusema la kwake, lakini ndama alikuwa amekwisha kumfikia mke wake, akaanza kulamba ule mkoba mweupe kwa moyo wote. Mama yule alipiga yowe, akarudi nyuma, kisigino kikaingia penye mavi ya asubuhi. Walikuwa watu wa heshima. Waliaga vizuri, wakaondoka haraka.

Asubuhi ileile mzee na Mama Geneviève walikwenda biro pamoja, na nusu ya aveni nyuma yao. Mama Chérie alifunga mlango akaenda pia, na mimi sikubaki.

Ildephonse alitupokea, akauliza kama kuna msiba. Mzee alikaa kwenye kiti, fimbo kati ya magoti, akasema aanze kusoma, na asiruke hata neno moja. Kila aliposoma "mwenye nyumba, Hagenimana," mzee alisema, "Rudia hapo." Ildephonse anarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu Ildephonse alisoma kwa sauti ya mhubiri, na mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Walipofika kwenye garanti, kukawa na joto kidogo. Zamani mzee alikuwa amechukua ya miezi sita.

"Sheria haikubali, Mzee," alisema Ildephonse. "Mwisho ni mitatu."

"Nitaitapika? Ilishageuka milango."

"Ile inayozidi ihesabiwe kodi ya mbele," alisema Mama Geneviève. "Milango naitumia minye."

Likaandikwa. Nilifikiri tumemaliza. Lakini mzee akapiga fimbo chini mara moja.

"Bado. Mama amesema mwenyewe nyumba ni ng'ombe. Nami nakubali. Kwa desturi, ng'ombe ikizaa kwa muchungaji, ndama ni ya nani?"

 Wote tulijua jibu. Ndama ni wa mwenye ng'ombe.

"Njo hivyo. Ile tanuru imezaliwa mu parseli yangu. Akitoka siku moja, tanuru inabaki. Andika."

Ildephonse alishika kalamu hewani. Mama Geneviève alikuwa ameingia kwenye mtego alioutengeneza mwenyewe. Nilimwona akikunja ncha ya kitenge, akikunjua, akikunja. Mama Chérie alinong'ona, "Ee Mungu, ile ng'ombe yake imemugeukia."

Kisha Mama Geneviève akainua uso, na niliona meno yake.

"Mzee, ng'ombe inazaa kwa tumbo yake, kweli?"

"Kweli."

"Tanuru ilitoka mu tumbo ya nyumba yako? Uliona nyumba ikiwa na mimba?"

Watu wakaanza kucheka, naye akainua mkono.

"Udongo nilitoa Luberizi. Nilibeba na hiki kichwa. Nilikanyaga na hii miguu. Mzee, muchungaji akiwa na mbuzi yake, aliyonunua yeye, ikilala mu zizi moja na ng'ombe yako, siku ng'ombe inarudi kwako, utachukua na mbuzi?"

Mzee alifikiri. Kweli alifikiri, hakuigiza. Alikuwa mtu wa ng'ombe maisha yake yote, na swali la zizi si la mzaha kwake. 

"Mbuzi," alisema, "ni ya muchungaji."

"Aandike?"

"Aandike. Lakini aandike na hii: nikihitaji nyumba, nitatoa habari miezi mitatu, kama sheria inasema, na tanuru nitamulipa ao abomoe mwenyewe. Sitaki kusikia Luberizi kwamba Hagenimana alikula mbuzi ya muntu."

Ildephonse aliandika yote, hata akaomba wamngoje atafute jinsi ya kuandika tanuru kwa Kifaransa cha biro. Wakasaini. Mzee alisaini polepole, kila herufi kama anafunga fundo. Muhuri ukaanguka kwenye karatasi, na watu mlangoni wakapiga makofi kama arusini. Mzee akasema mambo ya biro yameisha, sasa tuifunge kwa desturi, akatuagizia Fanta sote. Ildephonse alipewa ya kwanza, kwa sababu sasa yeye ndiye shahidi, naye akaahidi hatahamia Kalemie.

Mzee alilala usiku mmoja tena, akala mkate mbele ya watu bila kujificha, kisha akaondoka na ng'ombe wake kutafuta lori. Haikuwa safari fupi. Katika kila parseli ya aveni alisimama akaita mwenye nyumba, kama yupo. "Weye uko na kontra na lokateri wako? Hauna? Na unalala usingizi?" Kuna wenye nyumba waliofunga milango walipomwona anakuja na zile pembe. Mama mmoja alimwambia hana haja ya karatasi, yeye na wapangaji wake wanaaminiana. Mzee akamjibu kwa huruma kubwa: "Hata minye nilisemaka hivyo, nikiwa sijasoma." Toka hapo lokateri wengi wa aveni wamekwenda biro, na Mama Chérie pia, maana vyumba vyetu ni vya mzee yuleyule.

Franck hakupotea. Mtu wa namna ile hapotei. Wiki iliyofuata alionekana na karatasi za kontra kwapani, akiwaambia watu kwamba yeye ndiye anayejua njia ya habitat, na kwamba kusindikizwa si bure. Alifika mpaka kwa Mama Geneviève kumwuliza baadhi ya maneno yasomwe vipi.

Alimkuta katikati ya uwanja, ndani ya shimo la udongo mpya wa Luberizi, kitenge juu ya magoti, anakanyaga. Alikuwa akianza tanuru la pili, kubwa kuliko la kwanza. Miaka yote ile hakuthubutu. Nani anajenga mahali ambapo anaweza kuambiwa toka kesho?

"Mama Geneviève, nisaidie kidogo na hii karatasi."

"Nitakusaidia. Lakini niko peke yangu hapa, na udongo unakauka." Akamwangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Franck, vua hivyo viatu, ingia."

Franck alitazama viatu vyake, akatazama shimo. Akavivua, akaviweka mbali kwenye jiwe safi, akakunja suruali, akaingia. Udongo ulimshika mpaka magotini.

"Kanyaga, baba!" alisema Mama Geneviève. "Unalala kama muntu wa mushahara?"